Kutoka Ngozini Hadi Maabara: Shajara ya Safari ya Kuufuatilia Ukoma

Jumatatu

Tumeondoka alfajiri, watu watano ndani ya gari moja: daktari wa ngozi, Sista ambaye kwa kupima mishipa ya fahamu hana mpinzani, kijana wa takwimu, dereva, na mimi wa maabara. Sanduku langu liko nyuma: slaidi za kioo, visu vidogo vya upasuaji, vichupa vya ethanoli ya asilimia 70, pamba, glavu, rejista na fomu za idhini. Majina ya vijiji tunakokwenda sitayaandika, wala jina la mtu yeyote tutakayempima. Ukoma bado unavunja ndoa na kuwanyima watu kazi, na kijiji kidogo kikishatajwa, watu hawachelewi kujua ni nyumba ya nani.

Karatasi za mradi zina maswali matatu, kila moja na sura yake: ukoma unasambaaje, unatambuliwaje mapema, na dawa zinazoutibu bado zina nguvu kiasi gani. Daktari ametuambia njiani kwamba kwake yeye ni swali moja tu, limekatwa vipande ili lienee kwenye fomu. Tumebishana naye mpaka tulipofika kivukoni.

Kinachotutoa maabara na kutupeleka porini ni tabia ya bakteria wa ukoma mwenyewe. Daktari Gerhard Armauer Hansen alimwona kwa hadubini mjini Bergen, Norway, tarehe 28 Februari 1873, na tangu siku hiyo mpaka leo hakuna aliyefaulu kumwotesha kwenye chakula cha bakteria maabara. Kifua kikuu, ndugu yake wa karibu, huoteshwa kila siku. Huyu hakubali. Jenomu yake, yaani jumla ya vinasaba vyake, iliposomwa yote mwaka 2001 sababu ilionekana: ana jeni zinazofanya kazi kama 1,600, na pembeni yake jeni zilizokufa zaidi ya 1,100. Amepoteza mengi ya kujitegemea, sasa anaishi kwa mgongo wa seli za mwenye mwili. Tena hana haraka. Hujigawa mara moja kwa siku 12 hadi 14 hivi, ilhali bakteria wengi huhesabiwa kwa dakika au saa. Ndiyo maana mtu huambukizwa leo, dalili zikaonekana kwa wastani baada ya miaka 5, na kwa wengine baada ya miaka 20 au zaidi.

Kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Anayetaka kumchunguza bakteria huyu lazima amfuate kwenye ngozi ya mtu, na mtu huyo lazima akubali.

Jumanne

Mhudumu wa afya wa kijiji ametupokea, mama anayejua kila mlango. Siku zilizotangulia alipita nyumba kwa nyumba kueleza kwamba tunakuja kutazama magonjwa yote ya ngozi: upele, fangasi, ukurutu, vidonda. Mpango huu naupenda kwa moyo wote. Mtu akiitwa kwa ajili ya ukoma hujificha. Akiitwa kwa ajili ya ngozi huja na watoto wake wote, na mwenye upele huondoka na dawa ya upele mkononi.

Kumpima mtu ukoma hakuhitaji umeme. Kunahitaji mwanga wa jua, chumba chenye faragha, na subira. Mtu hutazamwa mwili mzima, mbele na nyuma, kwa sababu baka likiwa kalioni au mgongoni mwenyewe hana habari nalo. Haliwashi, haliumi, na hapo ndipo linapowapotosha watu, maana kisichouma hakimpeleki mtu zahanati.

Kabla ya mchana aliingia msichana wa umri wa shule ya msingi, ameletwa na mama yake kwa ajili ya fangasi za kichwani. Sista alipomvua shati aliona baka juu ya mkono wa kushoto, rangi yake imefifia kuliko ngozi ya pembeni, kavu, kingo zake zimeinuka kidogo. Mama alisema ni la muda mrefu, amelipaka mafuta ya kila namna.

Sista alisokota pamba mpaka ikawa na ncha, akamwonyesha mtoto kwanza namna mchezo unavyokwenda akiwa anatazama, kisha akamwambia, "Sasa funga macho, mwanangu. Nikikugusa, weka kidole palepale nilipogusa."

Aligusa shavu, kidole kikaenda shavuni. Akagusa mkono wa kulia, kidole kikafika. Akagusa ukingo wa baka. Msichana akasita, akaonyesha pembeni kabisa. Kisha akagusa katikati ya baka. Mtoto hakusogea. Mkono wake ulitulia pajani, anasubiri kuguswa, nasi sote tuliokuwa mle chumbani tulikuwa tumeshaiona pamba ikimgusa. Sista akarudia, mara upande huu, mara upande ule, akichanganya na sehemu nzima za ngozi ili mtoto asibahatishe. Jibu lilikuwa lilelile.

Baka lenye ganzi ni dalili tosha. Shirika la Afya Duniani linataja dalili tatu kuu, na yoyote kati ya hizo inatosha kumtambua mgonjwa: baka lililopoteza hisia, mshipa wa fahamu ulionenepa pamoja na ganzi au udhaifu wa misuli inayotegemea mshipa huo, au bakteria kuonekana kwenye sampuli ya ngozi. Sista alipitisha vidole nyuma ya kiwiko cha mtoto, ubavuni mwa shingo, na nyuma ya goti upande wa nje, akilinganisha kushoto na kulia. Mishipa ilikuwa laini, ya kawaida. Vidole vyote vilinyooka, macho yalifumba vizuri. Baka moja, mishipa mizima: huyu ana bakteria wachache. Miezi 6 ya dawa mseto na atapona, pengine bila alama yoyote.

Daktari hakufurahi hata hivyo. Mtu mzima akigundulika leo, huenda aliambukizwa zamani, hata mahali pengine. Mtoto hana zamani ya kutosha. Akiwa na ukoma, maana yake yupo mtu jirani yake, tena wa miaka hii hii, anayetoa bakteria na hajatibiwa. "Nani mwingine anaishi kwenu?" alimuuliza mama. Mama akataja watu wa nyumba yake, kisha akasema yupo na baba mkubwa wa mtoto, nyumba ya pili, ambaye aliwahi kuugua ugonjwa huu zamani, akatibiwa, akapona.

Jumatano

Tulimkuta mzee ameketi nje. Daktari alimwamkia, "Shikamoo mzee," na alipokuwa anaitikia nilikuwa nimeshaona masikio yake. Ndewe zimevimba, zina vinundu vinavyong'aa. Paji la uso limekunjamana kwa unene wa ngozi, nyusi zimepukutika upande wa nje. Bakteria huyu hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi, kama nyuzijoto 27 hadi 33, ndiyo maana masikio, pua, viwiko na magoti ndiyo mashamba yake.

Historia yake alitueleza bila kuulizwa mara mbili. Ujanani alikunywa tembe nyeupe kila siku kwa miaka mingi, peke yake, bila dawa nyingine. Baadaye sana ugonjwa ulirudi, akapewa pakiti zenye dawa za mwezi mzima. Zile za kumeza mbele ya mhudumu mara moja kwa mwezi alizimeza zote. Vile vidonge vya kila siku vilivyomgeuza ngozi kuwa nyeusi aliviacha, kwa sababu majirani walianza kumuuliza. Alisema hivyo bila aibu, na daktari hakumkaripia. Alimshukuru kwa kusema ukweli.

Nilipokuwa naandika maneno yale kwenye rejista, moyo ulinienda mbio, kwa sababu historia ya dawa za ukoma ilikuwa inasimuliwa na mwili wa mtu mmoja. Dapsoni, tembe nyeupe, ilitumika peke yake kwa miaka mingi baada ya dawa za jamii yake kuanza kuonyesha matumaini kule Carville, Marekani, mwaka 1941. Wagonjwa waliimeza miaka na miaka, wengine maisha yao yote. Mwaka 1964 ikathibitishwa Sungei Buloh, Malaysia, kwamba bakteria wa baadhi ya wagonjwa hawaiogopi tena. Usugu wa rifampisini uliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1976. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza dawa mseto: rifampisini, dapsoni na klofazimini kwa pamoja, ili bakteria anayeponyoka moja akamatwe na nyingine. Sasa fikiria mtu ambaye bakteria wake walishazoea dapsoni, na klofazimini haimezi kwa sababu inambadilisha rangi. Mseto uko kwenye pakiti, lakini mwilini rifampisini inapigana peke yake.

Kabla sijagusa kisu, tulisoma fomu ya idhini neno kwa neno. Hatua hii siipuuzi kamwe, na kwa ukoma ina uzito wake wa pekee. Hansen huyuhuyu tunayemheshimu, mwaka 1879 alimchoma mgonjwa mmoja mwanamke jichoni kwa kifaa chenye majimaji ya ukoma, bila ridhaa yake, ili athibitishe kwamba ugonjwa unaambukiza. Mwaka 1880 mahakama mjini Bergen ilimvua kazi yake ya udaktari hospitalini. Ugunduzi wake ulikuwa sahihi, na kitendo kile kilikuwa kosa. Mimi sioni kwamba la kwanza linafuta la pili.

Mzee aliuliza maswali mazuri. Kipande cha ngozi kitakwenda wapi? Kitatupwa lini? Akikataa, atanyimwa dawa? Alipojibiwa yote, na hasa hilo la mwisho, akaweka sahihi.

Sampuli ya kukwangua huchukuliwa hivi. Unaibana ndewe kwa kidole gumba na cha shahada mpaka damu iondoke na ngozi iwe nyeupe. Ukiwa bado umebana, unakata kwa kisu mkato wa milimita 5 kwa urefu na milimita 2 hadi 3 kwa kina. Kisha unageuza kisu pembe mraba na kukwangua kuta za mkato, unachota majimaji ya ngozi yasiyo na damu, unayapaka kwenye slaidi kwa duara dogo. Ukiachia kubana mapema, damu inajaa na sampuli imeharibika. Mzee hakukunja uso. Nilimuuliza kama anaumia, akasema anahisi nabonyeza tu.

Baada ya hapo daktari alimchoma sindano ya ganzi, akatoa kipande cha ngozi chenye kipenyo cha milimita 4 kwenye kinundu cha mkono, nami nikakitumbukiza kwenye kichupa cha ethanoli. Kwa mtoto jana tulifanya vivyo hivyo ukingoni mwa baka lake, kwa idhini ya mama na yeye mwenyewe. Ethanoli ni rafiki wa watu wa vijijini: sampuli hukaa salama bila barafu, na vinasaba haviozi.

Alhamisi

Leo ni siku ya watu wa karibu. Kijana wa takwimu amechora ramani ya nyumba za jirani, na kila aliyeishi karibu na mzee au mtoto ametazamwa ngozi na kubonyezwa mishipa.

Kazi ikiendelea, nimekuwa nikifikiri jinsi tunavyojua machache kuhusu njia ya ugonjwa huu kwa miaka mingi hivi. Tunajua pua ya mgonjwa mwenye bakteria wengi ambaye hajatibiwa humwaga bakteria tele. Tunajua anayelala naye nyumba moja yuko hatarini kuliko jirani, na jirani kuliko mtu wa mbali. Tunajua pia kwamba watu walio wengi mno wana kinga ya asili, wataishi na mgonjwa miaka yote wasiugue. Ndiyo maana wakati wa Hansen mabingwa waliamini ni ugonjwa wa ukoo. Hansen alisafiri hadi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1880 kuwatafuta wahamiaji wa Norway waliokwenda huko wakiwa wagonjwa, akakuta kizazi chao hakina ukoma. Kama ungekuwa wa kurithi, ungewafuata. Naona ule ulikuwa utafiti mzuri kuliko ule wa jichoni, na haukumwumiza mtu.

Halafu wapo wanyama. Kule kusini mwa Marekani amadilo, mnyama mwenye gamba gumu mgongoni, hubeba bakteria huyu, na mwaka 2011 vinasaba vilionyesha kwamba watu na amadilo wa huko wana aina ileile. Mwaka 2016 akapatikana ndani ya kindi wekundu wa kisiwa cha Brownsea, Uingereza, nchi ambayo ukoma wake ulikwisha zamani za kale. Mwaka 2021 ikaripotiwa kwamba sokwe wa mwituni wa Guinea-Bissau na Côte d'Ivoire wanaugua. Huku tuliko, njia kuu ni mtu kwa mtu, na nyumba hizi mbili zinasema hivyo waziwazi.

Mjadala wetu mkali umekuja mchana. Kuna dawa ya kinga: dozi moja ya rifampisini kwa mtu mwenye afya aliye karibu na mgonjwa, naye mgonjwa akiwa ameridhia kutajwa. Utafiti mkubwa wa kaskazini-magharibi mwa Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha watu wa karibu zaidi ya 21,000, ulionyesha kwamba dozi hiyo ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka 2 ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka 2018. Lakini ukiutazama utafiti ule kwa karibu, kinga ilikuwa kubwa kwa majirani wa mbali na ndogo kwa watu wa nyumba moja, wale hasa wenye hatari. Huenda wao wameshabeba bakteria wengi kiasi kwamba dozi moja haiwamalizi.

Sista alitaka tuwape wote leo, maana kurudi huku ni kazi na watu wameshajitokeza. Daktari alikubali kwa majirani wa mbali waliopimwa na kuonekana hawana kifua kikuu wala ukoma. Kwa watu wa nyumba ya mzee alikataa. "Tusubiri jibu la maabara. Kama bakteria wa humu wamezoea rifampisini, hiyo kinga ni maji." Sista hakuridhika, nami namwelewa: anajua ni mara ngapi "tutarudi" haikurudi. Lakini safari hii niko upande wa daktari. Rifampisini ndiyo nguzo ya matibabu, na sasa tumeifanya kuwa nguzo ya kinga pia. Dawa inayobeba nyumba mbili kwa wakati mmoja inahitaji mtu wa kuikagua kila mara, na mkaguzi huyo ni maabara.

Ijumaa

Safari ya kurudi. Mvua imeharibu barabara, tumevuka mto kwa mtumbwi, sanduku la sampuli nimelipakata. Kila kichupa kimo ndani ya kifungashio cha pili, na cha pili ndani ya cha tatu.

Jumamosi

Maabara ya wilaya. Nimezipaka slaidi rangi nyekundu, nikaziosha kwa alkoholi yenye asidi ya asilimia 1, kisha nikapaka buluu. Bakteria wengi hupoteza nyekundu wakioshwa; huyu huing'ang'ania kwa sababu ya ukuta wake wa nta.

Slaidi ya mtoto: hakuna kitu, kama nilivyotarajia. Hadubini haioni mpaka bakteria wafike kama 10,000 kwa kila gramu ya ngozi, na baka kama lake halifiki hata karibu na hapo. Slaidi safi haimaanishi hana ukoma, na ningeomba kila mhudumu aliye zahanati alijue hilo. Ganzi ile tuliyoiona kwa macho yetu ndiyo ushahidi.

Slaidi ya mzee: nyekundu kila mahali. Wamelala bega kwa bega, wengine wamejikusanya mafungu makubwa. Kipimo chetu hukwenda kutoka 0 hadi 6+. 1+ ni bakteria 1 hadi 10 katika maeneo 100 ya hadubini, 6+ ni zaidi ya 1,000 katika eneo moja tu. Nimempa 5+.

Kilichonishughulisha zaidi ni umbo lao. Mtu akimaliza dawa mseto, mabaki ya bakteria waliokufa hukaa mwilini miaka mingi, na mwili wake unaweza kucharuka dhidi ya mabaki hayo: ngozi ikavimba, mishipa ikauma. Hapo wengine husema ugonjwa umerudi na kumpa tena dawa za kuua bakteria, ilhali anachohitaji ni prednisoloni, dawa ya kutuliza mcharuko huo, kuokoa mishipa. Bakteria waliokufa huonekana wamekatikakatika, kama vidoti vilivyopangana. Wa mzee wengi wao ni vijiti vizima, vimejaa rangi mwanzo hadi mwisho. Wako hai. Ugonjwa umerudi kweli.

Jumatatu nyingine

Nimefika maabara kuu. Zamani, kujua usugu kulimaanisha njia ambayo Charles Shepard aliionyesha mwaka 1960: kumdunga panya bakteria kwenye unyayo, kumlisha dawa, na kusubiri miezi 6 hadi mwaka kuona kama wamezaliana. Njia hiyo bado ni ya kuaminika, lakini maabara zinazoiweza zimebaki chache, na mgonjwa hawezi kusubiri.

Leo tunasoma vinasaba moja kwa moja kutoka kwenye kipande cha ngozi. Kwanza tunatafuta RLEP, kipande cha jenomu kinachojirudia zaidi ya mara 30 ndani ya bakteria mmoja, kwa hiyo hata bakteria wachache hutoa ishara. Kisha tunasoma jeni tatu: *folP1* kwa dapsoni, *rpoB* kwa rifampisini, *gyrA* kwa dawa za jamii ya ofloksasini. Herufi moja ikibadilika mahali maalumu, dawa haipati pa kushika.

RLEP ya mzee imetokea haraka na kwa nguvu. Ya mtoto imechelewa sana, lakini imetokea. Nimetoa sauti, na wenzangu wamegeuka kunitazama.

Wiki kadhaa baadaye

Majibu yamekamilika. Bakteria wa mzee wana badiliko kwenye *folP1*, nafasi ya 55, na jingine kwenye *rpoB*, nafasi ya 456. Sugu kwa dapsoni, sugu kwa rifampisini. *gyrA* iko salama. Mwili wake ulikuwa umeshatueleza hivyo siku ile alipokuwa ameketi nje.

Watu kama yeye si wengi, na ni muhimu kusema hivyo ili tusiwatishe watu. Uchunguzi ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi 19 kati ya mwaka 2009 na 2015 ulisoma sampuli za wagonjwa 1,932. Waliokuwa na bakteria sugu kwa dawa yoyote walikuwa 154, yaani asilimia 8. Sugu kwa rifampisini walikuwa asilimia 5.1 ya waliorudiwa na ugonjwa, na asilimia 2 ya wagonjwa wapya. Hiyo asilimia 2 ndiyo inayoninyima usingizi. Mgonjwa mpya hajawahi kumeza dawa. Akiwa na bakteria sugu, ameambukizwa wakiwa sugu tayari. Na katika dunia iliyoripoti wagonjwa wapya 182,815 mwaka 2023, wengi wao India, Brazil na Indonesia, wanaosomewa vinasaba ni sehemu ndogo sana. Wenye baka moja kama mtoto wetu karibu hawamo kabisa.

Kwa upande wa mtoto, hapa ndipo tulipokwama. RLEP yake ilionekana kwa kuwa kipande kile kinajirudia. *rpoB* iko moja tu ndani ya kila bakteria, na kwa bakteria wachache namna ile haikusomeka, hata tulivyojaribu. Tunajua ana ukoma. Tunajua aliye karibu naye ana ukoma sugu. Kama wa kwake ni uleule, mashine haiwezi kusema.

Daktari amelipeleka suala lake kwenye jopo la wataalamu. Kwa sasa anaendelea na dawa zake tatu, na uamuzi ni kwamba apimwe kila mwezi na Sista yuleyule, kwa pamba ileile ya kusokota, baka lipigwe picha pembeni ya rula, na likitanuka au likitokea lingine, kipande kipya kichukuliwe mara moja. Mzee anahamishiwa matibabu ya mstari wa pili: klofazimini kila siku pamoja na dawa mbili nyingine, moja ya jamii ya ofloksasini na klarithromaisini, kwa miezi 6, kisha klofazimini na moja kati ya hizo kwa miezi 18. Klofazimini ileile aliyoiacha. Daktari amemweleza kuhusu rangi ya ngozi kabla hajameza hata kimoja, akamwambia kwamba itapungua taratibu dawa zikiisha, na amemwomba mke wake na mhudumu wa kijiji wakae wasikilize pia.

Watu wa nyumba yake hawatapewa rifampisini ya kinga. Kule Komoro watafiti wameanza kuijaribu bedakwilini, dawa ya kifua kikuu sugu, kwa watu wa karibu na wagonjwa wa ukoma, na jambo hilo ninalifuatilia kwa hamu kubwa. Bado haijawa dawa ya kugawa nyumba kwa nyumba. Kilichopo ni kuwatazama ngozi kila mwaka kwa miaka isiyopungua 5, bila kuruka.

Sista ameshapanga tarehe ya kurudi, na ameweka jina lake mwenyewe kwenye safu ya msimamizi. Gari linaondoka Alhamisi. Nimeongeza vichupa vya ethanoli kuliko mara iliyopita, kwa sababu mhudumu wa kijiji amepiga simu: kati ya majirani wa mbali, yupo mama mmoja anayesema anaungua vidole jikoni na hahisi.